Uga na Mistari ya Kani: Uhakiki wa Sitiari Zinazobeba Dhana ya Nyuga katika Fizikia ya Shule

Utangulizi

Istilahi nyingi za kisayansi huazimwa kutoka katika maneno ya maisha ya kila siku. Neno likishaingizwa katika kamusi ya taaluma, watumiaji husahau kwamba liliazimwa. Hata hivyo, maana yake ya awali haiondoki, bali huendelea kuongoza fikra za anayejifunza. Makala haya yanahakiki sitiari mbili ambazo kwazo dhana ya nyuga za graviti, umeme na sumaku hufikishwa kwa mwanafunzi, yaani sitiari ya uga na sitiari ya mistari ya kani. Uhakiki umeongozwa na Nadharia ya Sitiari Dhanifu iliyoasisiwa na George Lakoff na Mark Johnson mwaka 1980. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, sitiari si pambo la lugha tu, bali ni njia ya kuelewa jambo moja kwa kutumia umbo la jambo jingine, na kila sitiari huangaza upande mmoja na kuficha mwingine.

Suala hili lina uzito wa pekee nchini Tanzania. Katika shule za msingi za umma mwanafunzi hufundishwa kwa Kiswahili, lakini akifika sekondari lugha rasmi ya kufundishia huwa Kiingereza. Anapokutana na dhana ya nyuga hukutana nayo katika lugha ya pili, na mara nyingi huielewa kwa kujitafsiria kimoyomoyo. Neno la Kiswahili analolifikia, au analopewa na mwalimu anapofafanua, ndilo linalomjengea picha. Picha ikiwa na kasoro, fomula inaweza kukaririwa barabara huku dhana ikibaki imepinda.

Asili ya dhana

Isaac Newton alipochapisha kanuni yake ya mvutano mwaka 1687, aliweza kukokotoa ukubwa wa kani kati ya Dunia na Mwezi bila kueleza ni kitu gani kinachoifikisha kani hiyo ng'ambo ya nafasi tupu. Yeye mwenyewe hakuridhika. Katika barua zake kwa Richard Bentley za miaka ya 1692 na 1693, alilikataa wazo kwamba kitu kinaweza kuathiri kingine kwa mbali pasipo chochote cha kuwasilisha athari hiyo. Charles-Augustin de Coulomb naye, katika majaribio yake ya mwaka 1785, alipata kanuni ya umbo hilohilo kwa chaji za umeme, na swali likabaki palepale.

Aliyelijibu kwa picha ni Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu kabla ya kuingia maabara. Faraday hakuwa na hisabati ya kina. Alichokuwa nacho ni jicho la kuona mpangilio. Alipotazama vumbi la chuma likijipanga kuizunguka sumaku, alihitimisha kwamba nafasi yenyewe imebadilika hali, na akaielezea hali hiyo kwa mistari ya kani. James Clerk Maxwell aliigeuza picha hiyo kuwa milinganyo, na katika makala yake ya mwaka 1865 uga wa sumakuumeme ukawa kitu halisi chenye nishati. Kwa hiyo, sitiari za Faraday ndizo zilizoizaa nadharia. Hazikuja baadaye kuirahisisha. Hilo ndilo linalozifanya zistahili kuhakikiwa kwa uzito.

Sitiari ya uga

Katika matumizi ya kawaida, uga ni eneo la wazi mbele ya nyumba, mahali pa mazungumzo, michezo na shughuli za pamoja. Wanataaluma wamelipanua neno hilo hata likasimamia eneo la maarifa, kama inavyosemwa uga wa isimu au uga wa fasihi. Katika fizikia, sitiari hii inaangaza mambo mawili muhimu.

Kwanza, uga ni wa nyumba fulani. Vivyo hivyo, kila uga wa fizikia una chanzo chake, iwe ni tungamo, chaji au mkondo wa umeme. Pili, uga upo kabla mgeni hajafika. Hapa ndipo penye kiini cha dhana nzima. Karibu na uso wa Dunia, kila mahali pana thamani ya takriban nyutoni 9.8 kwa kila kilo moja, hata pasipokuwa na kitu chochote cha kuvutwa. Tungamo la kilo 1 likiwekwa hapo litapata kani ya nyutoni 9.8, na la kilo 2 litapata nyutoni 19.6. Kani inategemea mgeni na mahali, lakini uga ni sifa ya mahali peke yake. Mwanafunzi asiyetenganisha mambo haya mawili hawezi kueleza kwa nini nguvu ya uga hupimwa kwa nyutoni kwa kilo, ilhali kani hupimwa kwa nyutoni tu.

Hata hivyo, sitiari hii inaficha mambo matatu. Uga wa nyumba una mpaka, ilhali uga wa graviti hupungua kwa mraba wa umbali bila kufikia ukingo. Mazoea ya kufikiria mpaka yanaafikiana na kosa lililoenea, kwamba wanaanga huelea kwa sababu wametoka nje ya mvutano wa Dunia. Katika kimo cha kilomita 400, kinachokaribia kile cha Kituo cha Kimataifa cha Anga, nguvu ya uga bado ni takriban nyutoni 8.7 kwa kilo. Wanaanga huelea kwa kuwa wao na chombo chao wanaanguka pamoja wakati wote.

Jambo la pili ni kwamba uga wa nyumba ni nafasi tupu, ilhali uga wa fizikia ndio unaoijaza nafasi. Mwanga wa Jua hutumia takriban dakika 8 kuifikia Dunia, na nishati yake husafiri ndani ya nyuga za umeme na sumaku zenyewe. La tatu, nyumba mbili huwa na nyuga mbili zilizotengana, lakini nyuga za Dunia na Mwezi hukutana mahali pamoja na kujumlishwa kwa kuzingatia mwelekeo, hata pakawa na nukta kati yao ambapo mivuto hiyo miwili inafutana.

Licha ya kasoro hizo, uga ni istilahi bora kuliko uwanja, ambayo baadhi ya wasemaji huitumia. Uwanja humrejesha msikilizaji kwenye eneo la mpira lililochorwa mistari na kuwekewa mipaka dhahiri. Neno hilo linaongeza makosa yaleyale ambayo mwalimu anajitahidi kuyaondoa.

Sitiari ya mistari ya kani

Kasoro za sitiari ya pili ni nzito zaidi. Ile ya kwanza inatokana na jaribio lenyewe la vumbi la chuma. Kila chembe ya vumbi hugeuka kuwa sumaku ndogo, nazo hushikana ncha kwa ncha na kuacha nafasi pembeni. Mwanafunzi huona mistari na mapengo, akaamini kwamba katika mapengo hamna uga. Karatasi ikipanguswa na vumbi likanyunyizwa upya, mistari hutokea mahali pengine. Uga uko kila mahali, na idadi ya mistari ni uamuzi wa mchoraji.

Kasoro ya pili ni kuuchukulia mstari kuwa njia. Embe lililorushwa kwa mlalo hufuata mkunjo, ingawa mistari ya uga wa graviti mahali hapo imeelekea chini moja kwa moja. Satelaiti huizunguka Dunia, ilhali mistari yote inaelekea katikati ya Dunia. Mstari unaonyesha mwelekeo wa kani, na kwa hiyo wa mchapuko, lakini hauonyeshi mwelekeo wa mwendo.

Kasoro ya tatu imo katika neno kani lenyewe. Katika uga wa graviti, tungamo husukumwa kuufuata mstari. Katika uga wa umeme, chaji chanya husukumwa kuufuata mstari na chaji hasi husukumwa kinyume chake. Kwa nyuga hizi mbili jina linasema kweli. Katika uga wa sumaku, chaji iliyotulia haipati kani yoyote, na chaji inayokwenda hupata kani iliyo sulubi kwa mwendo wake na sulubi kwa mstari. Ndiyo maana elektroni inayoingia katika uga wa sumaku kwa pembe mraba huzunguka duara bila kuongeza wala kupunguza kasi. Dalili ya ugeni huu ilionekana tangu mwaka 1820, Hans Christian Ørsted alipoona sindano ya dira ikigeuka kando ya waya wenye mkondo badala ya kuvutwa kuuelekea.

Faraday aliitazama sumaku kwa kutumia dira na vumbi la chuma, na kwa ncha ya sumaku kani kweli hufuata mstari. Istilahi yake ilikuwa sahihi kwa kile alichokipima. Kosa liko katika kuihamishia kwenye mada ya mota na chaji ziendazo pasipo onyo. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba mistari ni ya kani, kisha akaambiwa kwamba kani haifuati mistari, hulazimika kuiacha akili yake na kushika kanuni ya mkono wa kushoto kama kauli isiyo na sababu.

Hitimisho

Uhakiki huu umebaini kwamba sitiari ya uga inafaa kudumishwa, mradi mwalimu aeleze waziwazi mahali inapokoma: uga wa fizikia hauna ukingo, si mtupu, na huingiliana na nyuga nyingine. Sitiari ya mistari ya kani inastahili kuachwa. Badala yake inapendekezwa istilahi ya mistari ya uga, ambayo ni kweli kwa nyuga zote tatu kwa kuwa haitangulii kusema kani itaelekea wapi. Aidha, inapendekezwa kwamba kila uga utambulishwe kwa swali moja kabla ya mchoro wowote: kikiwekwa nini mahali hapa, kitapata kani gani, na kuelekea wapi? Majibu matatu tofauti ya swali hilo ndiyo yatakayomwonyesha mwanafunzi kwa nini nyuga hizi zina jina moja, na kwa nini si kitu kimoja.