Sanduku la Kura Kwenye Skrini: Mikutano Mitatu ya Kasarani

Katika darasa la fasihi simulizi tunafundishwa mapema kwamba utendaji haukamiliki bila hadhira. Mimi nimekuwa hadhira ya mikutano mitatu ya kisiasa iliyofanyika Kasarani, Nairobi, na yote nimeitazama kwenye televisheni, mara mbili nikiwa Busia na mara moja nikiwa Tororo. Niseme wazi kwamba nilikuwa shabiki. Kwetu chungwa lilikuwa tunda na lilikuwa chama, na mtoto hakuulizwa anapenda lipi. Tangu Raila Odinga afariki tarehe 15 Oktoba 2025 nimekuwa nikiyarudia yale niliyoyaona, na nimegundua kwamba mkutano ulionifurahisha kuliko yote ndio ninaouona dhaifu zaidi leo.

Wa kwanza ulikuwa tarehe 1 Septemba 2007. Nilikuwa na miaka 6. Mama alikuwa akiuza mitumba karibu na stendi ya Busia, na siku hiyo aliniacha kwenye hoteli ya chai ya jirani, ambako televisheni ndogo ilikuwa imefungiwa juu ndani ya wavu wa chuma. Wajumbe wa ODM walikuwa wakimchagua mgombea urais. Raila alipata kura 2,656, Musalia Mudavadi 391, William Ruto 368. Hizi nambari nilizijua baadaye. Wakati ule nilichokishika ni ukimya wa watu wazima. Hoteli ilikuwa imegawanyika, kwa sababu Mudavadi ni Mluhya wa Vihiga na wapo waliotaka zamu iwe ya Magharibi.

Ukiutazama kama kipindi cha televisheni, mkutano ule haukuwa na mvuto. Watu walipanga foleni, walikaa, walipunga magazeti usoni, na televisheni haipendi kusubiri. Tena pengo la kura lilikuwa kubwa mno kwa mtu kudai kulikuwa na mashaka ya kweli. Hata hivyo, zile kura 391 zilihesabiwa na kusomwa. Mzee aliyekuwa akimtetea Mudavadi tangu asubuhi alisikia upande wake ukipewa nambari mbele ya nchi nzima. Alilipa chai yake akaondoka bila kugombana na mtu. Mudavadi mwenyewe akawa mgombea mwenza.

Wa pili sitausahau. Kufikia mwaka 2014 nilikuwa nasoma shule ya msingi Tororo, nikikaa kwa mjomba. Watu wa mpakani hawatashangaa. Sisi Wateso tuko pande zote mbili, na mtoto hupelekwa kwa ndugu mwenye nafasi. Mjomba alikuwa mshabiki wa Raila asiye na kura. Kiswahili chake alikipata kwenye vituo vya Kenya vilivyovuka mpaka bila pasipoti, maana alikulia katika Uganda ambako wengi walikiona kuwa lugha ya askari.

Tarehe 28 Februari wajumbe wa ODM walikuwa Kasarani tena, safari hii kuchagua viongozi wa chama. Kwa nafasi ya katibu mkuu, Ababu Namwamba, mbunge wa Budalangi, alikuwa akishindana na Agnes Zani. Budalangi iko Kaunti ya Busia, kwa hiyo Namwamba alikuwa wetu mara mbili. Niliporudi kutoka shule nilikuta picha zikirudiwarudiwa kwenye habari: wanaume waliovaa suti nyeusi wanavamia ukumbi, wanapindua masanduku, karatasi za kura zimetapakaa sakafuni, wajumbe wanakimbia wakiruka viti. Nililia. Sikulia kwa ajili ya demokrasia, nisijipambe. Nililia kwa sababu wapinzani wetu walikuwa wanatazama pia.

Mjomba hakulia wala hakucheka. Wiki chache kabla, mwezi huohuo wa Februari, wabunge wa NRM walikuwa wamekutana Kyankwanzi na kuazimia kwamba Rais Museveni awe mgombea pekee wa chama katika uchaguzi wa 2016. Picha za Kyankwanzi zilikuwa safi. Mjomba alitazama zile karatasi zilizokanyagwa Kasarani, akasema, "Angalau kwenu kuna sanduku la kupindua."

Maneno hayo niliyachukulia kuwa faraja ya mtu mzima kwa mtoto. Sasa nayaona kuwa uhakiki bora kuliko wowote nilioupata kwenye magazeti. Waliopindua masanduku waliogopa kitu kilichokuwa ndani yake. Mkutano ulioandaliwa vizuri humpa mtazamaji hisia kwamba hakuna cha kuogopa, na shabiki hupokea hisia hiyo kama ushindi. Baadaye nafasi za chama zilijazwa kwa maafikiano, Namwamba akawa katibu mkuu, nasi tukafurahi. Sikumbuki mtu yeyote nyumbani akiuliza yale masanduku yangesema nini.

Wa tatu ni wa tarehe 10 Desemba 2021, ule wa Azimio la Umoja, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Nilikuwa na miaka 20, niko nyumbani Busia, mjomba amevuka kuja kututembelea. Uwanja ulijaa rangi. Ninakiri kwamba niliimba. Kwa jicho la utendaji hakuna kasoro niliyoiona: kila kitu kilikuja kwa wakati wake, na kila kitu kilielekea kwa mtu mmoja.

Lakini jina lenyewe lilinisumbua hata siku ile. Azimio ni jambo ambalo watu wamekaa, wakalijadili na kukata shauri. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU kabla ya kutangazwa; unaweza kubishana na yaliyomo, lakini neno lilitumika sawasawa. Kasarani tulipewa azimio kabla ya kikao. Wajumbe waliitwa kulishangilia.

Ndivyo ninavyovielewa sasa vitendawili vya Raila, ambavyo nilivipenda na bado navipenda. Alikuwa fanani hodari. Akitega, uwanja unaitikia, na kwa muda mfupi maelfu ya watu wanahisi kwamba wanazungumza naye. Tatizo ni kwamba jibu la kitendawili liko kwa mtegaji. Katika mchezo wa nyumbani, hadhira ikishindwa, mtegaji hudai mji, anapewa, ndipo anatoa jibu. Tena zamu huzunguka: aliyekuwa akijibu naye hutega. Kwenye jukwaa la siasa zamu haizunguki. Hadhira hujibu tu, na hujibu kwa sauti moja.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kulisema. Utani, vitendawili na mpira vilikuwa vya Kiswahili. Tamko lenyewe, lile la kugombea katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, lilikuja kwa Kiingereza. Lugha ya kuchangamsha na lugha ya kuamua hazikuwa moja. Wakati huo sebule yetu ilikuwa na kelele na mjomba, ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha, aliniomba nimtafsirie.

Nilianza vizuri, kisha nikakwama kwenye kitenzi. Hakusema anataka, wala anaomba. Alisema anakubali.

"Amekubali kugombea," nikamwambia mjomba.

"Amekubali? Kwani aliombwa na nani?"

"Na wananchi, mjomba."

"Lini, mwanangu?"

Mama alimwambia aache maswali, atatuharibia siku. Mjomba akanyamaza, akasogeza kiti karibu na televisheni, na watu walipopiga makofi kule Kasarani naye akapiga, kwa nguvu kuliko sisi sote, ingawa Agosti ingemkuta Tororo, asikokuwa na kura ya kumpa.