Mizani ya Supu ya Mifupa ya Kuku na Dengu

Mtu yeyote mwenye kuku mzima na pesa ya makala, yaani makaa, aweza kupika supu ikasifiwa, maana nyama nyingi huficha uzembe mwingi. Lakini mpishi aliyebakiwa na mgongo wa kuku, shingo, vipapatio viwili vilivyokwisha kuondolewa minofu, na kikombe kimoja cha dengu, huyo hana pa kujificha, na ndiyo sababu mimi, nikitaka kuujua ustadi wa nyumba fulani katika mapishi, huitamani supu ya siku ya pili kuliko karamu yenyewe. Hapa Mugunga supu hiyo ina masharti yake, yaliyowekwa na nchi kabla hayajawekwa na mpishi, wala haifai kuihukumu kwa kipimo kilicholetwa kutoka Mombasa au Unguja bila kuyafahamu kwanza.

Mugunga iko magharibi ya mji wa Goma, kando ya barabara iendayo Sake, na ardhi yake ni mwamba mweusi wa volkano ambao hunywa mvua yote usiache hata kijito. Kwa hiyo maji ya kupikia ama ni ya Ziwa Kivu, ama ni ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati, ama ni yale yaliyokwisha kutiwa klorini, yakabebwa mgongoni katika vidumu vya njano. Maji ya ziwa hili yana madini mengi yaliyoyeyuka, na mwenye ulimi mwepesi huyatambua. Ya mvua hayana ladha kabisa. Na ya klorini hutoa harufu ambayo huondoka yakichemshwa bila kifuniko. Mpishi mwenye maarifa hutia chumvi mwishoni, baada ya kuonja, kwa sababu haijui chumvi aliyokwisha kupewa na kidumu chake. Ukikuta supu ina ladha nzuri ya kuku na dengu lakini chumvi yake imezidi kidogo tu, huenda kosa si la mkono mzito bali ni la mazoea ya kipimo kimoja kwa kila maji.

Sharti la pili ni kimo cha nchi. Tuko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,500 hivi, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 au karibu yake, si 100 kama pwani. Yaani sufuria yaweza kutokota kwa vishindo na moto ukawa mwingi mno, walakini maji yenyewe hayatapata joto zaidi ya hapo. Mifupa haidhuriki kwa jambo hili, maana ute wake hutoka vizuri katika joto la chini ya hapo maadamu umepewa saa za kutosha. Dengu ndizo zinazodhurika: hukawia. Mpishi mgeni aliyezoea kuhesabu dakika za pwani aghalabu huziepua zikiwa na kiini kigumu, kisha akazilaumu dengu. Lau angelijua kwamba mlima ndio uliomnyima zile nyuzi tano, angeliongeza muda asiongeze makala, kwani makala ya ziada hayaongezi ila mvuke.

Tuanze na mifupa, kwa kuwa humo ndimo supu ilimo. Mifupa inayofaa ni ile iliyobaki katika bakuli la kuandalia, ambayo haijapita kinywani mwa mtu. Iliyokwisha kutafunwa na kurudishwa sahanini ni makombo, na nyumba inayoipika hiyo, hata supu ikinukia namna gani, haistahili kuhukumiwa kabisa. Usitarajie kukuta firigisi ndani ya sufuria hii. Tangu pwani hadi maziwa makuu firigisi huwekewa mwenye nyumba au mgeni wa heshima, na ikiwa imo, basi ama karamu haikuwa karamu, ama mgeni hakuja. Bora ya mifupa ni mgongo, shingo, magoti na miguu, maana penye viungo vingi na ngozi nyingi ndipo penye ute. Kidari ni kikavu, kazi yake iliisha jana. Kuku wa kienyeji aliyezeeka akikwaruza juu ya mawe haya humshinda mbali yule wa kisasa aliyenenepeshwa kwa wiki chache, kwani umri ndio unaoukaza mfupa na kuutia ladha, na ule ugumu uliowachosha meno walaji wa jana ndio utajiri wa sufuria ya leo.

Ikiwa kuku alichomwa juu ya makala, moshi wake ni neema, lakini ngozi iliyoungua hadi ikawa nyeusi sharti ibanduliwe kabla ya maji kumwagwa, kwa kuwa uchungu wake huenea polepole wala hauondolewi tena. Ikiwa alikaangwa, mafuta ya jana yafutwe. Ikiwa alipikwa kwa mchuzi wa nyanya, basi mifupa isuuzwe, na nitaeleza sababu mahali pake. Huvunjwa penye viungo, hutiwa katika maji baridi, huachwa ipate moto taratibu, na povu lake huenguliwa kwa kijiko hadi likome. Kipimo cha kujua kama mifupa imekwisha kutoa kilichokuwamo hakimo katika rangi ya maji, ambayo hudanganya; chovya kijiko, acha tone lipoe juu ya kidole gumba, kisha kibane na cha shahada, uviachanishe: vikishikamana kidogo kabla ya kuachana, kama vilivyopakwa ulimbo hafifu, mchuzi uko tayari, na vikiteleza tu, rudisha kifuniko na uwe na subira. Mimi sijui kipimo kingine kisichoweza kudanganywa.

Dengu zitakiwazo ni nyekundu zilizopasuliwa, ambazo watu wa pwani huziita adesi. Huku si zao la wenyeji, kwani kunde ya Kivu ni maharagi, ambayo Masisi na Rutshuru huyatoa kwa wingi; dengu huja katika magunia ya wafanyabiashara, na baadhi ya kunde ngeni zimezoeleka kwa njia ya huzuni zaidi. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache, na Mugunga ikawa kambi kubwa iliyodumu hadi Novemba 1996; kisha vita vya Kivu vikaleta kambi nyingine, safari hii za Wakongomani wenyewe, tena na tena. Mahali palipo na kambi pana mgao, na mahali palipo na mgao kunde zisizozoeleka hufika sokoni, zikabadilishwa kwa chumvi, makala na mboga. Ndivyo mama wengi wa huku walivyojifunza kupika kunde zilizopasuliwa, bila mwalimu, kwa kuzijaribu tu. Wala chakula hiki si cha kudharauliwa kwa asili yake: Biblia inasimulia jinsi Esau alivyouza haki yake ya uzaliwa wa kwanza kwa Yakobo akapewa mkate na mchuzi wa dengu, na Kurani, katika Sura ya Baqara, inazitaja adesi pamoja na vitunguu miongoni mwa vyakula ambavyo Wana wa Israeli walivitamani jangwani. Watu hawauzi urithi wala kulalamikia manna kwa ajili ya chakula kisicho na ladha.

Sokoni dengu huhukumiwa kwa macho, kwa vidole, na mwisho kwa meno. Mpya zina wekundu wa kung'aa unaokaribia rangi ya chungwa, na zilizokaa miaka huwa zimefifia, zina vumbi la unga chini ya gunia na vijitundu vya wadudu. Muuzaji mwenye bidhaa safi haogopi mkono wako. "Papa, ingiza mukono mupaka chini," atakuambia, maana ajua kwamba juu ya gunia huwekwa uzuri na chini husimuliwa ukweli. Weka chembe moja katikati ya meno: nzuri hupasuka kwa mlio mmoja mkavu, na ya zamani hukataa, na itakayokataa meno itakataa sufuria pia, hata uichemshe hadi jioni. Halafu kuna changarawe. Vumbi la Mugunga ni la volkano, jeusi na kali, na huingia kila kitu. Faida yake pekee ni kwamba juu ya dengu nyekundu huonekana wazi, hivyo supu iliyomtia mlaji jiwe jinoni haina udhuru, kwani aliyezipepeta alikuwa akitazama kwingine.

Kuhusu moto nitasema machache, ila kuna jambo moja la nchi hii ambalo mwandishi wa mapishi wa mahali pengine hatalijua. Katika mabonde madogo na mashimo ya Mugunga, Bulengo na kando ya Ziwa la Kijani hutokea mazuku, yaani hewa ya kaboni dioksidi itokayo ardhini, ambayo kwa uzito wake hulala chini penye mabondebonde, hasa usiku na alfajiri kabla ya upepo kuamka. Haionekani, haina harufu, huzima moto na huua mnyama na mtu. Mbabula, yaani jiko la makala, basi haiwekwi shimoni hata kama huko ndiko kusiko na upepo. Huwekwa juu ya jiwe lililoinuka, na makala yakififia bila sababu, mwenye akili hachochei, bali huondoka hapo upesi na kuwaita watoto. Nayo hadhari hii inahusu kuku pia: kuku aliyeokotwa amekufa bondeni si kiporo wala si kitoweo.

Sasa dengu huingia katika mchuzi. Kikombe kimoja kwa vikombe sita vya mchuzi uliochujwa ni mizani ya haki. Zaidi ya hapo unapika uji, na pungufu unapika maji yenye habari ya dengu. Hutanguliwa na kitunguu kilichokaangwa katika mafuta ya kuku yenyewe, yale yaliyoelea, na hufuatwa na puwaro na seleri, mboga ambazo udongo wa volkano wa Kibumba huzistawisha kwa namna ya kuonewa wivu. Nyanya na limau hungoja. Uchachu huikaza dengu isilainike, na ndiyo sababu niliagiza mifupa ya mchuzi wa nyanya isuuzwe. Limau hukamuliwa baada ya sufuria kuepuliwa, matone machache, ili ladha isimame. Mawese siyapendelei hapa, ingawa nayapenda sana katika sombe, yaani majani ya muhogo: harufu yake huwa mfalme mahali popote aingiapo. Ama vile vijiwe vya viungo vinavyouzwa dukani vimefungwa karatasi, sivikatazi katika mchuzi wa haraka, lakini katika supu hii ni ushahidi wa uongo, kwani humfanya aliyechemsha mifupa saa tatu na aliyeichemsha nusu saa waonekane sawa.

Ikifika bakulini, usikimbilie kuonja. Tazama kwanza ukingo: dengu zilizoungana na mchuzi hukaa pamoja nao hadi kando ya bakuli, na zile zilizotengana huacha utepe wa maji wa kidole kimoja kuzunguka rundo la uji, na utepe huo ndio dosari kubwa kuliko zote, maana huonyesha kwamba mchuzi haukuwa na ute wa kuzishika au dengu zilitiwa mapema mno, kabla mifupa haijatoa kitu. Rangi iwe ya dhahabu iliyofifia, kwani dengu nyekundu hupoteza wekundu wake zikiiva, na wekundu ukibaki ama hazijaiva ama nyanya imezidi. Juu yaelee macho madogomadogo ya mafuta, si utando mmoja. Harufu ya kwanza iwe ya kuku, ya pili ya kitunguu, na moshi uje nyuma ukiwa umekwisha kusahauliwa. Harufu ya kuungua ni ya dengu zilizoshika chini ya sufuria, na hapo mpishi aliketi akiongea badala ya kukoroga. Ndipo uonje, na baada ya kumeza ubane midomo: ikigandana kidogo, mifupa ilitendewa haki.

Nyama, ile minofu michache iliyochambuliwa kidole kwa kidole, hurudishwa dakika za mwisho ipate moto tu. Nimekaa mezani na watu wakiihesabu, wakaisifu supu kwa wingi wake. Hao wangeliomba mishikaki. Katika supu njema nyama ni mgeni, na bugali ulio kando, wa muhogo au wa mahindi, huomba mchuzi zaidi ya unavyoomba nyama.

Lipo jambo la usiku. Nyumba nyingi hazina jokofu, na ingawa baridi ya hapa ni kali kuliko ya pwani, haitoshi kuilinda supu. Kwa hiyo ile iliyobaki huchemshwa tena kabla ya kulala, ikafunikwa bila kuguswa kwa kijiko chenye mate, na asubuhi huchemshwa hadi itokote katikati, si pembeni tu. Itakuwa imeganda na kutikisika, dalili njema, nayo huzimuliwa kwa maji ya moto, kidogokidogo, kwani maji baridi huitenganisha. Ikitoa vipovu kabla haijaguswa na moto, au ikinuka uchachu ambao limau halikuuleta, imwagwe yote, mchuzi na dengu, na sufuria isuguliwe kwa majivu.