Sheria aliyoijua babu

Kila nikirudi Muheza, shangazi ananiuliza: "Hivi baba, hiyo PhD unasomea nini hasa?" Nikimjibu nadharia ya siasa na sheria, anacheka. "Sheria si polisi na mahakama tu?"

Nisimcheke. Shahada ya kwanza niliimaliza nikiamini karibu hivyo hivyo: sheria ni vifungu, ukivikariri umefaulu.

Aliyenitoa huko ni Issa Shivji. Kitabu chake Law, State and the Working Class in Tanzania (1986), kilichotokana na tasnifu yake ya udaktari Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakiridhiki kutueleza sheria ya kazi ilisema nini. Kinauliza ilimfaa nani. Chini ya sheria ya mkoloni ya mabwana na watumishi, manamba akitoroka shamba la mkonge hakudaiwa fidia kama mtu aliyevunja mkataba. Alishtakiwa kama mhalifu.

Babu yangu alikuwa manamba. Alitusimulia habari za kipande, alama moja kwa kila siku ya kazi aliyoimaliza, mpaka zitimie thelathini. Siku akiumwa, hakuna alama. Nilikuwa nadhani ni hadithi za wazee tu. Kumbe alikuwa ananifundisha nadharia ya sheria, mie sina habari.

Kinachonifanya nikiheshimu zaidi kitabu hiki ni kwamba hakiishii kwenye kumlaani mkoloni. Kinafika mpaka 1964, mwaka ambao dola huru lilivunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, na kuunda NUTA kwa sheria. Bendera ilishabadilika, lakini mfanyakazi alikuwa bado anapangiwa nani amsemee.

Ugomvi wangu nacho ni mmoja. Tabaka la wafanyakazi naliona wazi, migomo ya makuli wa bandarini naiona, ila mtu mmoja kama babu, na hofu zake na utani wake, namsikia kwa mbali. Halafu kimeandikwa kwa Kiingereza. Shangazi hawezi kukisoma.

Lakini nami nina mdomo gani? Tasnifu yangu naiandika kwa Kiingereza kilekile.

Basi likizo hii nimeanza kumsimulia, jioni moja sura moja. Kwenye habari ya kipande amenikosoa mara mbili. Nimeandika yote mawili.