Fidla Kubwa na Kinasa Chake

Wasomaji wengi wa gazeti hili walijua zeze tangu utoto. Wajua ya kuwa uzi peke yake una sauti ndogo, na kibuyu ndicho kiupacho nguvu. Fidla kubwa, ile isimamayo chini na kumzidi mpigaji wake kwa kimo, ni jambo lilo hilo: nyuzi nne, daraja la mti lizibebalo, na sanduku lenye kifua chembamba. Uzi wake ulio mnene kabisa hutikisika mara 41 tu kwa sekunde. Sauti ya namna hiyo husikiwa vema katika chumba kilichotulia. Lakini katika ukumbi wa mjini Dar es Salaam, toka Mchafukoge kuvuka Mnazi Mmoja hata Kariakoo, penye honi nje, feni juu, na watu mia tatu wanaoongea, haisikiwi. Hapo ndipo watu hutafuta msaada wa umeme.

Nataka kunena juu ya kile kifaa kidogo kinachonasa mtikisiko wa fidla na kuugeuza kuwa umeme. Wapigaji hukiita pikapu. Mimi nitakiita kinasa, maana mtu akiuliza pikapu huko Kariakoo, huenda akaonyeshwa gari la kubebea vitunguu.

Msomaji wa shamba atasema, Yatuhusu nini hayo? Yatuhusu, kwa kuwa ala hii imekwisha kufukuzwa mara moja. Katika dansi ilikuwako zamani. African Jazz ya Joseph Kabasele, iliyoundwa Kongo mwaka 1953, ilikuwa nayo. Walakini mwaka 1951 Leo Fender wa Marekani alikuwa amekwisha kutoa gitaa lake la besi, na baada ya miaka michache bendi za dansi ziliiacha fidla kubwa. Gitaa lile halikushinda kwa uzuri. Lilishinda kwa kuwa lilisikika. Fidla kubwa ikabaki katika taarabu, hasa Unguja, kwa watu wa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha mwaka 1905, na wa Culture Musical Club cha mwaka 1958. Nako kwenye taarabu ya siku hizi kinanda cha umeme kimekwisha kuitwaa kazi yake. Basi kinasa kibaya si hasara ya fedha tu. Kiongozi akisikia fidla yake yalia kama debe, atasema mwaka ujao na tutumie kinanda, na mpigaji aliyejifunza miaka kumi atapewa manyanga.

Kinasa kinachotumika zaidi ni kile cha fuwele. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha ya kuwa fuwele za namna fulani zikibanwa hutoa umeme. Fuwele hizo huchomekwa katika ufa wa daraja la fidla, au hulazwa chini ya mguu wa daraja, na daraja likitetemeka huzibana. Umeme utokao ni dhaifu mno. Ukipelekwa moja kwa moja katika mashine ya kawaida ya ukumbi, isiyotengenezwa kwa ajili yake, sauti za chini ndizo zipoteazo kwanza; husalia mlio mkavu, kama mpira uliovutwa ukaachiwa. Dawa yake ni kikuza kidogo cha kutangulia, ambacho mlango wake wa kuingilia una ukinzani usiopungua omu milioni moja, na milioni kumi ni bora zaidi. Kwa maoni yangu sauti mbaya nyingi tunazozisikia mjini zatokana na kukosa kikuza hiki. Kinasa hulaumiwa bure, hutupwa, hununuliwa kingine cha bei kubwa zaidi, nacho hulia vile vile.

Tena mahali pa kukiweka hubadili sauti. Katika ufa wa daraja, kidole husikika waziwazi, walakini uta ukipita juu ya nyuzi sauti hukwaruza masikio. Chini ya mguu wa daraja husikika mti wenyewe, sauti ya mviringo na yenye joto. Ila hapo ngurumo huanza upesi. Maana kifua cha fidla ni sikio pia: husikia spika, hutetemeka, hupeleka tena mtetemo ule katika spika, hata ukumbi mzima wavuma na mwenye mashine akimbilia vifungo vyake.

Kiko kinasa cha sumaku, kama cha gitaa. Hiki chataka nyuzi za feleji. Nyuzi za utumbo hakizisikii kabisa. Hakingurumi upesi, na kwa hiyo mafundi wa mashine hukisifu. Mimi sikisifu. Chasikia uzi, mti hakiusikii. Aliyetaka sauti ya gitaa la besi na anunue gitaa la besi. Ni rahisi zaidi, na huingia katika daladala.

Maikrofoni ndiyo isemayo kweli kuliko vyote, nayo ni ya kale: mwaka 1946 Everett Hull wa Marekani aliitia maikrofoni ndani ya mguu wa chuma wa fidla, na jina la kampuni yake, Ampeg, latokana na mguu huo. Lakini katika taarabu wapigaji huketi bega kwa bega, na maikrofoni ya fidla husikia dumbaki na akodioni pamoja nayo. Kwa kurekodi katika chumba kimya, sina neno. Kwa arusi, hapana.

Kwa kuwa katika taarabu besi hudonolewa kwa kidole kuliko kusuguliwa kwa uta, mimi ningechagua fuwele ya ufa wa daraja pamoja na kikuza chake. Nacho kiwe na kifungo cha kupunguza mivumo iliyo chini ya uzi mnene, na kingine cha kugeuza mawimbi juu chini, maana hicho mara nyingi huivunja ngurumo. Fundi atie na skrubu za kupandisha na kushusha daraja. Wakati wa masika mti wa pwani hunywa unyevu, kifua huvimba, na nyuzi huinuka hata kidole chauma.

Iko taabu moja zaidi. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mashine isiyofungwa vema ardhini huvuma kwa kiasi hicho hicho, na noti ya soli ya chini katika uzi mnene ni 49. Mpigaji hupiga soli yake safi, na mvumo ule ulio jirani huifanya itikisike kama mtu mwenye homa. Wasikilizaji husema hajui kulinganisha nyuzi.

Mwenye kununua na akijaribu kinasa ukumbini, orkestra nzima ikipiga, wala si dukani. Na mwenye kusikiliza asikae jukwaani. Mawimbi ya uzi mnene yana urefu wa mita 8 na zaidi, na pembe za ukumbi huyakusanya. Asimame kwanza mlangoni, kisha katikati, kisha pembeni, ndipo arudi kuulizana bei na muuzaji.