Pongezi kwa Mafundi wa Vugiri

Kijana wa leo anarekodi harusi kwa simu, picha na sauti pamoja. Kazi hiyo ina watangulizi wake. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa filamu za elimu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu 35. Kamera haikunasa sauti. Maelezo yalirekodiwa kando kwenye santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine. Lori lilizunguka vijijini na mitambo yote. Fundi alipaswa kuanzisha mkanda na santuri kwa wakati mmoja. Mkanda ulipokatika, maneno yaliiacha picha nyuma. Wengi wa wasaidizi Waafrika walioibeba kazi hiyo hawajulikani sana. Kila mpiga picha nchini anadaiwa nao. Historia yao ifundishwe.