Njia ya Faili Kutoka Nakuru Hadi Molo

Tuchukue vituo vya reli inayopita Elburgon, tuviandike kama njia ya faili ya Windows ndani ya msimbo wa Python:

njia = "D:\nakuru\njoro\elburgon\turi\molo"

Kwa macho, mstari huu hauna kasoro. Njoro imetangulia Elburgon, Turi imetangulia Molo. Lakini amri ya print inatoa hivi:

D:
akuru
joro\elburgon    uri\molo

Nakuru na Njoro zimepoteza n, Turi imepoteza t. Mwenye kosa ni mkwaju wa nyuma (\). Katika Python, mkwaju huo ukifuatwa na n ni amri ya mstari mpya. Ukifuatwa na t, ni amri ya kuruka nafasi kama kitufe cha Tab. Elburgon na Molo zimepona kwa bahati ya herufi zao za kwanza. Kibaya zaidi, tangu toleo la 3.12 Python inatoa onyo wazi kuhusu \e, iliyo salama, na kunyamazia \n na \t zilizoharibu maana. Umbo linalovunjika kimyakimya ni umbo baya.

Chanzo cha Windows kutumia mkwaju huo ni cha kihistoria. Unix ilitenganisha folda kwa / tangu miaka ya 1970. MS-DOS 2.0 ilipoleta folda mwaka 1983, alama hiyo ilikwisha kupewa kazi ya kutanguliza machaguo ya amri, ndipo ikachukuliwa \, na Windows ikairithi.

Ili kukwepa kosa hilo, wengi huweka r mbele ya nukuu. Herufi zinaokoka, lakini njia inabaki ya Windows tu: Linux haina diski D, na maandishi hayo yote huyasoma kama jina moja refu la faili. Umbo lililokomaa lilikuja na Python 3.4, mwaka 2014, kupitia Path ya maktaba ya pathlib:

njia = Path("nakuru") / "njoro" / "elburgon" / "turi" / "molo"

Hapa kila jina linajitegemea, na alama ya kutenganisha huchaguliwa kulingana na mfumo. Diski nayo imeondolewa, kwa hiyo njia huanzia kwenye folda ambamo programu inaendeshwa.

Hata hivyo, pathlib haitibu kila kitu. Linux huona Elburgon na elburgon kuwa folda mbili. Windows kwa kawaida huona moja. Basi andika majina yote ya folda kwa herufi ndogo, na kazi ya kuyaunganisha iachie Path.