Herufi Moja Kabla ya Hodi

Sikio la rubani hutangulia ulimi wake. Ndege ikiwa bado juu, uwanja haujaonekana, rubani mmoja hubaki na redio ya kwanza akimsikiliza muongoza ndege. Mwenzake hufungua redio ya pili na kusikiliza sauti isiyomjibu mtu: matangazo ya uwanja, yaliyorekodiwa, yanayojirudia bila kuchoka. Penseli inakimbia kwenye kipande cha karatasi. Njia ya kutulia. Upepo na kasi yake. Umbali wa kuona. Mawingu. Joto. Mgandamizo wa hewa. Neno likimpita, anangoja matangazo yaanze upya.

Kila toleo la matangazo hayo lina herufi yake, nayo hutajwa kwa jina la redioni: Alfa, Bravo, Charlie, hadi Zulu, kisha Alfa tena. Viwanja vingi hutoa toleo jipya kila saa au nusu saa, na hata kabla ya hapo upepo ukigeuka.

Ndipo rubani anapobisha hodi. Kwa Kiingereza kifupi cha angani anataja jina la safari, kimo alichopo, halafu herufi: tunayo Kilo. Basi. Muongoza ndege, mwenye sauti nyingi masikioni, haimlazimu kumsomea kila anayekuja hali ya hewa tangu mwanzo. Kama Kilo imeshapitwa, atamwambia kwamba Lima ndiyo ya sasa.

Kuokoa muda ni jambo jema, ila mimi naisifu kazi hii kwa sababu nyingine. Rubani mvivu anaweza kudaka herufi peke yake na kuitamka kama neno la siri la kufungulia mlango. Mlango utafunguka, naye ataingia mikono mitupu. Thamani ya herufi imo kwenye karatasi ile, kwa kuwa kilichoandikwa mapema ni shahidi wa kitakachosemwa baadaye.

Tarehe 23 Mei 2022, Airbus A320 iliyotoka Stockholm ilikuwa ikiteremka kuelekea uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, katikati ya mawingu na mvua. Matangazo ya uwanja yalitaja mgandamizo wa hektopaskali 1001. Muongoza ndege akasema 1011. Marubani wakairudia 1011 kama walivyoisikia, wakaiweka kwenye altimita. Kila hektopaskali ni takriban futi 28, kwa hiyo altimita zikawaonyesha kuwa juu zaidi ya ukweli kwa futi 280 hivi, na mteremko wao ulifuata altimita hizo. Ndege ilishuka hadi futi 6 juu ya ardhi, kama maili moja kabla ya njia ya kutulia, marubani wasione kitu, kisha ikapaa tena. Walirudi na namba ileile yenye kosa. Safari hii waliiona njia kwa macho, wakatua salama.

Ndege nyingine nayo iliambiwa 1011 na muongoza ndege huyohuyo. Jibu likarudi 1001, namba ya matangazo. Tofauti hiyo ilipita masikioni mwake bila kumshtua.

Fundi wa kazi hii, basi, ni yule ambaye akipewa namba, jicho lake hushuka kwanza kwenye karatasi, ndipo mkono uende kwenye kitufe cha altimita. Zikilingana, anairudia namba na safari inaendelea. Zikipishana, anauliza, hata kama redio imejaa na muongoza ndege ana haraka. Ni swali la sekunde tatu. Nyuma yake abiria wanafunga mikanda na kutafuta viatu vyao, na hakuna atakayejua kwamba liliulizwa.